Genoa Keawe na noti isiyokatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikipiga wimbo wa huyu mama mbele ya wageni, hutokea mambo mawili. Kwanza mtu anauliza kama simu imekwama. Halafu, akishaelewa kwamba sauti ile ndefu inatoka kwenye koo la binadamu, maswali yanaanza. Nimechoka kuyajibu nikiwa na sufuria mkononi, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote.

Genoa Keawe ni nani?

Ni mwimbaji wa Hawaii, na kwa wengi wanaoufahamu muziki wa visiwa vile, ndiye sauti ya kike ya karne ya ishirini. Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1918 katika mtaa wa Kakaʻako, Honolulu, kwenye kisiwa cha Oʻahu. Alifariki tarehe 25 Februari 2008, akiwa na miaka 89. Santuri yake ya kwanza ilitoka 1946. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miaka sitini ya kuimba, na alikuwa bado anapanda jukwaani kila wiki akiwa na umri ambao wengi wetu tutakuwa tunatafutiwa fimbo ya kutembelea.

Katikati ya hayo alizaa watoto kumi na wawili.

Jina lake linatamkwaje?

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Kihawaii kina irabu tano, a, e, i, o, u, nazo husomwa karibu sawa kabisa na zetu, na kila silabi huishia kwa irabu kama kwetu. Konsonanti ni nane tu. Kwa hiyo Keawe ni Ke-a-we, na ile *w* mara nyingi huvutwa kuelekea *v*. Alama inayofanana na koma iliyopinduliwa, mfano katika Oʻahu, si pambo. Ni konsonanti kamili: unakata sauti kooni kidogo kabla ya kuendelea. Kistari juu ya irabu maana yake ivute. Ukishajua hayo unaweza kusoma mashairi ya Kihawaii kwa sauti leo jioni, hata kama huelewi neno.

Kwa nini kila mtu anamwita shangazi?

Huko Hawaii mtu mzima anayeheshimiwa huitwa shangazi au mjomba hata na asiye ndugu yake. Ni kama sisi tunavyosema Bi fulani au Mama fulani, na anayemtaja kwa jina tupu anaonekana hana adabu. Redioni, kwenye mabango, hata kwenye taarifa ya kifo chake, alikuwa Shangazi Genoa. Nami katika maelezo haya nitamwita Bi Genoa. Mkono wangu unakataa kuandika vinginevyo.

Alianzaje?

Kanisani, kama wengi. Aliimba katika kwaya ya Wamormoni huko Lāʻie, upande wa kaskazini wa Oʻahu, ambako kanisa hilo lina mizizi tangu karne ya kumi na tisa. Wamisionari wa Marekani waliofika kuanzia 1820 walileta nyimbo za sauti nne, na Wahawaii wakazipokea kwa mikono miwili wakazifanya zao. Kwaya ndiyo iliyokuwa chuo cha muziki cha mtoto wa maskini.

Kisha ikaja vita. Baada ya Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani hapohapo Oʻahu, kushambuliwa Desemba 1941, Hawaii iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi hadi Oktoba 1944. Usiku taa zilizimwa, watu walikatazwa kutembea ovyo, na visiwa vikajaa wanajeshi waliohitaji kuburudishwa. Bi Genoa, tayari mke na mama, aliimba kwenye vilabu vya maofisa.

Mtu aliyemfungulia mlango mkubwa ni John Kameaaloha Almeida, mtunzi na mpigaji asiyeona aliyekuwa na kipindi redioni. Alimpa nafasi ya kuimba hewani, na kutoka redioni hadi studio ikawa hatua moja. Kampuni iliyomrekodi 1946 ilijiita 49th State, yaani jimbo la 49, kwa matumaini kwamba Hawaii ingekuwa jimbo linalofuata la Marekani. Alaska ikawatangulia kwa miezi michache mwaka 1959, Hawaii ikawa ya 50, na jina likabaki kwenye santuri kama tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.

Sauti yake ina nini cha pekee? Si ni kuimba juu tu?

Kuimba juu kunaitwa *leo kiʻekiʻe*, sauti iliyoinuka. Lakini siri haiko juu. Iko kwenye kizingiti.

Kila binadamu ana sauti mbili: ya kifuani, nzito, na ya kichwani, nyembamba. Kati yake pana mahali ambapo koo hubadilisha gia. Mwalimu wa uimbaji wa Kizungu atakufundisha miaka mingi ili pasisikike, pawe laini kama pasi ilipita. Wahawaii walifanya kinyume. Wanapaonyesha. Sauti inaruka kutoka chini kwenda juu na kurudi, na mruko wenyewe ndio utamu. Kituo hicho wanakiita *haʻi*, neno lenye maana ya kuvunjika. Wanawake kama Lena Machado, aliyekuwa maarufu kabla ya vita, walikuwa mabingwa wa haʻi, na Bi Genoa aliichukua akaifanya kali zaidi, angavu, isiyo na mtetemo mwingi. Sauti yake haibembelezi. Inakata hewa kama filimbi.

Wanaume nao huimba hivyo, na kuna mashindano ya kila mwaka kwa ajili yao. Lakini mwanamume akipanda juu, tofauti inasikika waziwazi hata kwa asiye na masikio. Kwa mwanamke tofauti ni ndogo, na ndiyo maana ufundi wake ni mgumu zaidi kuusikia na, kwa maoni yangu, mtamu zaidi ukishausikia.

Ile noti ndefu ni ya wimbo gani, na anaishikaje?

Wimbo ni "ʻAlika", uliotungwa na Charles Kaʻapa. Ukisoma mashairi juu juu utaona meli: omo, yaani pua ya meli, linaelekea bahari ya kaskazini, matanga yamejaa upepo. Ukiyasoma mara ya pili utaona kwamba si meli. Wahawaii wana neno *kaona*, maana iliyofichwa chini ya maana. Mvua si mvua, ua si ua, na anayesafiri baharini huenda hajatoka chumbani. Msikilizaji wa taarabu hahitaji kueleweshwa zaidi. Kwetu mafumbo ya namna hiyo yamevunja na kujenga nyumba nyingi.

Sasa noti. Beti ni fupi, mistari michache tu. Mahali fulani Bi Genoa anapanda hadi juu kabisa na kubaki hapo. Ukulele, kile kigitaa kidogo, inaendelea kukwaruza, besi inatembea, kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinabadilika chini yake, moja, mbili, zinazunguka zinarudi, na yeye bado yupo palepale. Watu wanaanza kupiga makofi wakidhani amemaliza. Hajamaliza. Makofi yanakwisha, wanapiga tena. Ndipo anashuka, na anashuka bila kuhema, akiunga neno linalofuata kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hakuna hila ya mashine. Anayeimba hawezi kuvuta hewa na kuitoa kwa wakati mmoja kama mpiga zumari. Kinachosaidia ni kwamba sauti nyembamba iliyobanwa vizuri haipotezi hewa: nyuzi za sauti zikikutana sawasawa, pumzi inatoka kwa kipimo, kama maji ya mtungi wenye tundu dogo. Hilo ni jambo la mazoezi. Lingine ni la akili: ukionyesha wasiwasi hata kidogo, koo linakaza na pumzi inakwisha.

Kuna kitu cha tatu ambacho watu hawakitaji. Noti ile imekaa mahali penye uchezaji. Wimbo wa namna hii ni wa hula, uchezaji wa jadi wa Hawaii, na kati ya ubeti na ubeti pana kipande kifupi cha ala ambapo mchezaji hupumua na kugeuka. Mwimbaji anapokataa kushuka, anawaweka hewani wachezaji, wapigaji na wasikilizaji kwa pamoja. Wote wanamsubiri mama mmoja aliyekaa na ukulele yake mapajani akitabasamu.

Hula ina uhusiano gani na kuimba?

Uhusiano wote. Zamani, kabla ya ala za nyuzi, ilikuwa ni maneno yaliyoghanwa pamoja na ngoma ya kibuyu na mwendo wa mwili. Maneno ndiyo bwana. Mikono inafuata maneno. Hata leo, mchezaji akinyanyua mkono ujue kuna ndege au mlima umetajwa.

Kwa hiyo mwimbaji wa hula si msanii anayejiimbia. Anafanya kazi. Kila ubeti kwa kawaida huimbwa mara mbili. Kabla ya ubeti mpya mtu huita kwa nguvu maneno yake ya kwanza ili wachezaji wajue kinachokuja. Na ukisikia ubeti unaoanza na *Haʻina*, jua wimbo unaelekea ukingoni: ndio unaosema habari imekwisha kusimuliwa, na mara nyingi unarudia jina la anayesifiwa. Bi Genoa alikuwa kipenzi cha walimu wa hula kwa sababu mapigo yake hayakuyumba. Mdundo wake unaweza kupikia ugali.

Ukulele ni ya Wareno, gitaa limetoka Mexico, nyimbo za sauti nne ni za wamisionari. Hiyo "asili" iko wapi?

Swali hili huulizwa na mtu anayedhani amenikamata. Tuanze na tarehe. Mnamo 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na vibarua wa mashamba ya miwa kutoka kisiwa cha Madeira, nao walikuwa na kigitaa kidogo. Ndani ya miaka michache maseremala wa Honolulu walikuwa wanakichonga kwa mti wa *koa* na kukiita ukulele, jina ambalo wengi hulifasiri kama kiroboto arukaye. Gitaa lilifika mapema zaidi pamoja na wachungaji ng'ombe kutoka Mexico, karne hiyohiyo ya kumi na tisa. Wahawaii wakalegeza nyuzi zake hadi likiguswa bila kubanwa lifanye kodi kamili, na wakaita mtindo huo *kī hōʻalu*. Baadaye kijana Joseph Kekuku akabuni kutelezesha chuma juu ya nyuzi, na sauti ile ya kulia ikaenda hadi kwenye muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani.

Asili iko kwenye walichokifanya, si kwenye bandari ya kutokea. Watu wa pwani yetu wana udi wa Waarabu, fidla za Wazungu na mahadhi ya filamu za Kihindi kwenye muziki mmoja, na sijasikia mtu wa Unguja akiomba radhi kwa hilo.

Kinachotenganisha muziki wa Bi Genoa na ule wa kuuzia watalii ni lugha. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka 1915, Marekani nzima ilishikwa na wazimu wa ukulele, na watunzi wengi, baadhi wasiowahi kukanyaga Hawaii, wakaandika nyimbo za Kiingereza kuhusu mwezi, minazi na wasichana wa visiwani. Nyingine ni nzuri, nakiri. Ila Bi Genoa alijenga jina lake kwa nyimbo za Kihawaii.

Kwani kuimba kwa Kihawaii kulikuwa na shida gani?

Shida kubwa. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa 1893. Mwaka 1896 sheria ikaamuru kwamba masomo shuleni yafanywe kwa Kiingereza, na kizazi baada ya kizazi cha watoto kikaadhibiwa kwa kusema lugha ya bibi zao. Marekani ilitwaa visiwa 1898. Bi Genoa alizaliwa miaka ishirini baadaye, katika ulimwengu ambapo mzazi mwenye busara alimwambia mwanawe: Kiingereza ndicho kitakachokulisha.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto waliokulia ndani ya Kihawaii walikuwa wachache mno, wengi wao wa kisiwa kidogo cha Niʻihau. Kihawaii kilikuwa kimetambuliwa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978, na mwaka 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya chekechea ya kufundisha kwa Kihawaii pekee. Lakini kati ya 1896 na 1978 kuna miaka 82, na katika miaka hiyo lugha iliishi wapi? Majumbani, makanisani, na kwenye nyimbo. Kijana aliyekatazwa kuzungumza hakukatazwa kuimba. Santuri za Bi Genoa, zenye maneno yanayotamkwa wazi, zilikaa kwenye makabati kama mbegu kwenye chupa.

Sisemi alipanga hivyo. Aliimba alichokipenda na kilicholeta mkate. Mara nyingi hayo ndiyo yanayohifadhi kitu kuliko makumbusho.

Aliweza kuishi kwa muziki?

Aliweza, lakini si kwa njia unayoifikiria. Hakukuwa na wimbo mmoja uliomtajirisha. Kulikuwa na hoteli, harusi, karamu za *lūʻau* ambako nguruwe huokwa ardhini, vipindi vya redio, na wanafunzi. Alifundisha ukulele na uimbaji kwa miaka mingi. Na mwaka 1966 alifanya jambo ambalo waimbaji wachache wa kike wa wakati wake walithubutu: alianzisha kampuni yake ya kurekodi, Genoa Keawe Records, ili kazi iwe chini ya jina lake mwenyewe.

Wenzake walihangaika zaidi. Gabby Pahinui, ambaye wapenzi wa gitaa la kī hōʻalu humtaja kwa heshima ya kuvua kofia, alifanya kazi ya kutengeneza barabara za jiji la Honolulu, koleo mkononi mchana, gitaa usiku. Ukitaka kuelewa maisha ya mwimbaji wa jadi Hawaii, usitazame jukwaa. Tazama ratiba ya wiki.

Ratiba ya Bi Genoa ilikuwa na Alhamisi. Kwa miaka ya mwisho ya maisha yake aliimba kila Alhamisi jioni kwenye hoteli moja kubwa ya ufukwe wa Waikīkī, barazani, watu wakila. Mtalii aliyeshuka kununua kinywaji angeweza, bila kujua, kukaa hatua chache kutoka kwa mama wa miaka themanini na kitu anayeshikilia noti ile. Wanafunzi wa hula wangeinuka kutoka mezani na kucheza bila kualikwa.

Alipata tuzo gani?

Kubwa kuliko zote ni ya mwaka 2000, pale taasisi ya sanaa ya serikali ya Marekani ilipomtunuku heshima yake ya juu kwa wasanii wa jadi.

Grammy hakupata, na hapa nina dukuduku. Mwaka 2005 Grammy walianza kutoa tuzo ya albamu bora ya muziki wa Hawaii. Washindi wa miaka minne ya kwanza wote walikuwa mikusanyo ya gitaa la kī hōʻalu. Gitaa lile ni zuri, halina ugomvi na mtu, linafaa kupigwa chinichini wakati wa kula. Lakini huko nyumbani watu walinung'unika: muziki ambao moyo wake ni maneno unawakilishwaje na nyuzi? Mwaka 2011 tuzo ikafutwa, ikamezwa na kundi pana la muziki wa mikoa. Bi Genoa alikuwa ameshaaga dunia.

Mimi namjua yule bwana mnene wa ukulele aliyeimba kuhusu upinde wa mvua. Wana uhusiano?

Huyo ni Israel Kamakawiwoʻole. Ni wa kizazi cha baadaye sana, alizaliwa 1959 na kufariki 1997 akiwa na miaka 38. Mwili wake ulilazwa bungeni Honolulu watu wapite kumuaga. Wimbo unaoujua aliurekodi 1988 usiku wa manane, yeye na ukulele tu, kwa mkupuo mmoja. Ni wa Kiingereza, na ndio uliofika duniani kote. Nyimbo zake za Kihawaii alizoimba na kundi la Mākaha Sons of Niʻihau, alilolianzisha na kaka yake mwaka 1976, hazijulikani nusu yake huku kwetu. Ukitoka kwake ukaja kwa Bi Genoa, unapanda mto kuelekea chemchemi.

Kuna anayeendeleza kazi yake?

Wapo, na wengi ni wa damu yake. Mjukuu wake Pomaikaʻi Keawe Lyman ni mwimbaji wa kujitegemea, naye hupanda kule juu. Nje ya familia, vijana wanaoshindana kwenye mashindano ya leo kiʻekiʻe hupimwa, watake wasitake, kwa kipimo cha mama yule.

Nianze kusikiliza na nini?

Anza na "ʻAlika", bila shaka, na utafute iliyorekodiwa mbele ya watu ili usikie makofi yanayokosea. Halafu tafuta nyimbo zake za polepole. Noti ndefu imemfanyia ubaya kidogo: watu wanamchukulia kama mchezo wa sarakasi. Kwenye nyimbo za taratibu ndiko utasikia haʻi vizuri, ule mvunjiko mdogo unaokuja kwenye silabi ambayo hukuitarajia.

Usisikilizie kwenye spika ya simu. Sauti yake yote iko juu, na spika ndogo huigeuza mbu.

Naweza kujaribu noti ile nyumbani?

Jaribu. Kaa wima, usinyanyue mabega, vuta hewa hadi tumbo litoke, na uanze kwa sauti ndogo kuliko unavyotamani. Rekodi yangu ni sekunde kumi na nne, nikiwa jikoni, na jirani alikuja kugonga kuuliza kama chai imemwagika mguuni.

Ilikuwa imemwagika, lakini hilo lilitokea baadaye.